Nilivyojisema Mwenyewe kwenye Ngoma ya Watu wa Milimani

Mijeledi ilipolia mara ya kwanza, niliingia chini ya meza. Sijivunii. Nina miaka kumi na sita, natoka Tanga, nasoma bweni, na nimewahi kula maharage yenye wadudu mbele ya mwalimu wa zamu huku nikimwambia ni nyama. Lakini wanaume sita wenye kaptura za ngozi walipanda jukwaani, kila mmoja na mjeledi mrefu, na kodiani ilipoanza wakaanza kuipasua hewani kwa zamu, pa, pa, papapa, sawasawa na muziki. Ukumbi mzima ulikuwa unatabasamu. Mimi nilikuwa natazama viatu vya shangazi.

"We mtoto, toka huko," shangazi alisema bila kuinama. "Watu wanatuangalia."

"Nimeangusha uma."

"Uma uko mezani. Toka."

Kusema kweli, haikuwa mijeledi peke yake. Nilikuwa naogopa tangu Alhamisi, na siku ile ilikuwa Jumamosi. Mtu aliyekwisha kuogopa, hata mlango ukijibamiza anaruka.

Alhamisi nilipoteza pasipoti.

Nilikuwa nimekuja Toronto kwa likizo ya Desemba, kwa shangazi yangu, dada yake baba, anayeishi Etobicoke ghorofa ya kumi na moja. Siku aliyonipokea uwanja wa ndege, kabla hata sijamaliza shikamoo, aliichukua ile pasipoti akaitia kwenye droo ya kabati lake. Akaniambia, "Barua ya mwaliko wako nimeiandika mimi, kwa jina langu. Ya bibi yako nayo nimeiandika mimi, na ombi lake la viza bado halijajibiwa. Ukiingia vizuri ukatoka vizuri, na mama yangu atapita. Ukiniharibia, nimekwisha, na yeye amekwisha. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Bibi ana miaka sabini na minane na hajamwona shangazi kwa macho yake tangu mimi nikiwa chekechea. Nilielewa vizuri sana.

Halafu Alhamisi nikaitoa drooni ili nikawaonyeshe rafiki zake binti shangazi picha yangu ya humo ndani, ambayo nimetoka kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Tulikuwa ndani ya basi, wakacheka njia nzima. Tuliposhuka mfuko wangu ulikuwa mwepesi. Ndege yangu ilikuwa Ijumaa ya wiki inayofuata.

Aliyejua ni binti shangazi peke yake. Ana miaka kumi na tano, Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama redio iliyogoma kuhama stesheni. Aliapa kwamba hatasema. Tatizo ni kwamba wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwekea mlio wa jogoo kwenye simu, ukalia darasani kwake katikati ya mtihani, na yeye alikuwa bado hajalipiza.

Pale ukumbini tulialikwa na bibi mmoja wa Kizungu ambaye shangazi humhudumia nyumbani kwake: humwogesha, humpa dawa, humsikiliza. Alizaliwa milimani huko Austria, akahamia Toronto akiwa msichana. Kila mwaka Januari watu wa kwao hukodi ukumbi huo, wakapiga muziki wa kwao na kucheza ngoma za kwao kuanzia saa tisa alasiri. Alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa gauni la kijani lenye aproni, na alikuwa ananitafsiria kila kitu kwa Kiingereza cha taratibu.

Baada ya mijeledi walikuja vijana wa kujipiga. Sijui niwaeleze vipi. Wanaruka, wanajipiga mapaja, wanajipiga nyayo za viatu, wanajipiga makalio, kama watu waliovamiwa na siafu lakini wenye nidhamu. Siku nyingine ningekufa kwa kucheka. Siku ile nilikuwa namtafuta binti shangazi kwa macho, kwa sababu kiti chake kilikuwa kitupu.

Nikamwona karibu na mlango wa msalani. Alikuwa anaongea na yule mpiga kodiani, jitu nene lenye kizibao chekundu, ambaye alikuwa mapumzikoni. Binti shangazi anaongea, jitu linaandika kwenye kijidaftari. Kisha wote wawili wakageuka wakanitazama. Jitu likacheka likafunga daftari.

"Bibi," nilimwuliza mwenyeji wetu, "yule anaandika nini?"

Akafurahi kuulizwa. Akaniambia ndiyo sehemu anayoipenda kuliko zote. Mpiga kodiani hupita meza kwa meza kabla, anaokota siri za watu kutoka kwa ndugu zao. Halafu anazitungia beti fupi za kuchekesha, anakuja kusimama mbele yako anakuimbia, na ukumbi wote unaitikia. "Na aliyeimbiwa," akasema, "lazima ajibu kwa ubeti wake. Asipojibu anasimamishwa juu ya kiti mpaka ajibu."

Damu ilinishuka mpaka kwenye soksi.

Kwa sababu kitu hicho ninakijua. Hao watu wamevaa kofia zenye unyoya, wanakula soseji na kabichi iliyochacha, lakini hicho ni vijembe, kitu kilekile. Nimekulia nyumba ambayo bibi yangu akirudi harusini haulizwi chakula kilikuwaje, anaulizwa nani kapigwa kijembe na amejibu nini. Bibi ndiye aliyenifundisha kwamba ukiimbwa halafu ukanyamaza, umekubali. Na ukijibu, jibu kitu kikubwa kuliko ulichoimbiwa, ili mwimbaji aonekane hana habari. Nilijua mchezo ule kuliko mtoto yeyote mle ndani. Kilichonitisha ni hicho hicho.

Binti shangazi akarudi akakaa.

"Umemwambia nini?" nilimnong'oneza.

"Jogoo," alisema kwa Kiingereza, huku anachukua kipande changu cha keki. "Umesahau jogoo?"

"Nakuomba. Mdogo wangu. Nitakuoshea vyombo mpaka naondoka."

"Kama utaondoka," akasema.

Shangazi alikuwa upande wa pili wa meza, anamkatia mwenyeji wetu soseji vipande vidogovidogo, anacheka, amefunga kilemba chake cha sikukuu. Sikuwa nimemwona amecheka hivyo tangu nifike.

Jitu likashuka jukwaani na kodiani yake, likaanza. Meza ya kwanza lilimwimba mzee aliyenunua mashua wakati hajui kuogelea. Mkewe ndiye aliyesema. Mzee akasimama akajibu kwamba mashua aliinunua ili awe na pa kukimbilia akimkimbia huyo mke. Ukumbi ukapiga meza kwa ngumi. Meza ya pili, mama mmoja anayeongea na paka wake kuhusu siasa. Ya tatu. Ya nne. Sisi tulikuwa ya saba. Nilikuwa nahesabu kama mtu anayesubiri sindano kwenye foleni, na mbele yake watoto wanatoka wanalia.

Kwenye ya tano nikasimama. "Shangazi, naenda msalani."

"Umeenda mara tatu. Una nini wewe?"

"Kabichi."

"Kaa. Utaenda akimaliza. Tusionekane hatuna adabu."

Nikakaa. Nikafikiria kuangusha glasi. Nikafikiria kuzimia, niliwahi kuzimia kwa makusudi paredi ya shule na nilifaulu vizuri tu. Ya sita ilipita kama nusu dakika, na kodiani ikaja ikasimama juu ya kichwa changu, inapumua.

Jitu likaimba kwa Kiingereza, taratibu, ili nami nielewe. Likasema kuna mgeni kutoka Afrika, kijana mtanashati, ambaye kila asubuhi hujifungia bafuni na khanga ya shangazi yake, anacheza mbele ya kioo nusu saa, halafu anajiinamia kwa shukrani kama msanii.

Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe ndiyo maana khanga zangu zinalowa!" alipiga kelele kwa Kiswahili.

Ikawa ni hiyo tu. Binti shangazi alikuwa ananitazama kwa macho ya ushindi, na macho hayo yalikuwa yanasema kabisa: ya basi sikusema, mjinga wewe.

Ningeshukuru, nikaimba chochote, nikakaa. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Lakini jitu lilinipa ishara nijibu, watu zaidi ya mia wakanyamaza, na kichwani mwangu hakukuwa na kitu kingine. Siku mbili nilikuwa nimekula na neno moja, nimelala na neno moja. Na bibi alikuwa amenifundisha: jibu kitu kikubwa zaidi. Nikafungua mdomo, na kwa sauti ileile ya kodiani ikatoka hii, kwa Kiswahili:

Kwenye kioo nacheza, ndiyo nimeshakubali,
Kinachonipa kuwaza, kingine kikubwa kweli,
Paspoti nimepoteza, basini, wala si mbali,
Shangazi nimeteleza, usinichinje kwa hili.

"Wala si mbali" haina maana yoyote. Vina vilihitaji.

Wakashangilia kama nimefunga goli. Hawakuelewa hata neno, lakini walisikia kwamba ni shairi, na kwamba lina mwisho. Jitu lilinipa mkono. Bibi mwenyeji alikuwa anafuta machozi ya furaha. Binti shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Shangazi hakuacha kutabasamu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mijeledi. Tabasamu lilibaki palepale usoni, kama kitu kilichosahauliwa kwenye kamba baada ya nguo nyingine kuanuliwa.

"Amesema nini?" bibi mwenyeji alimwuliza.

"Anashukuru kwa kualikwa," shangazi alisema. Kisha akanishika kifundo cha mkono chini ya kitambaa cha meza, akanigeukia, na kwa tabasamu lilelile akaniuliza kwa Kiswahili, sauti ya chini, "Basi namba ngapi?"

Nikamtajia.

"Lini?"

"Alhamisi. Saa tisa na nusu."

"Umekaa nalo siku mbili." Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nimeshamwona shangazi amekasirika. Hasira zake nimezizoea, hata mzaha nazifanyia. Sikuwa nimewahi kumwona anaogopa. "Siku mbili, baba. Si ungeniambia palepale, nikapiga simu palepale?"

Kodiani ilikuwa imehamia meza ya nane.

Tukaaga kwa adabu zote. Shangazi alimbusu bibi yule, akamwambia kichwa kinamuuma, tukavaa makoti. Kituoni kwenye theluji alipiga simu ofisi ya vitu vilivyosahauliwa kwenye mabasi. Sauti ya mashine ikamwambia Jumatatu. Akapiga tena, kama vile mashine ingebadili mawazo. Binti shangazi akaniingiza mkono mfukoni mwa koti langu na kunishika vidole, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akaniambia kitu kwa Kiswahili: "Pole, kaka." Ningependa asingesema. Kama amefikia kunionea huruma, basi hali ni mbaya.

Jumatatu ofisi ile ikasema pasipoti haikuwepo. Tukaenda polisi tukapewa karatasi. Jumanne shangazi hakwenda kazini, tukapanda basi alfajiri hadi Ottawa, kwenye ubalozi wetu, na njia nzima hakuniambia neno zaidi ya "kula huo mkate." Nilipewa hati ya dharura, karatasi yenye picha yangu mpya ambayo sikucheka hata chembe. Ijumaa nikaondoka, siku ileile iliyoandikwa kwenye tiketi.

Nilipofika Tanga bibi alinipokea kwa kuniuliza habari za huko, nami nikamweleza mijeledi, siafu wenye nidhamu, vijembe vya watu wa milimani. Alicheka akataka kusikia ubeti niliojibu. Nikamwambia nimeusahau.

Sasa ni mwezi wa tatu, nimerudi nyumbani kwa likizo fupi. Ombi la bibi bado halijajibiwa. Shangazi anasema huenda haihusiani kabisa, wanachelewesha tu, na mimi huenda sijaharibu kitu. Bibi ameshanunua sweta na kulining'iniza nyuma ya mlango. Kila simu ya shangazi inapoita, yeye huikimbilia, na mimi hutoka nje mpaka amalize kuongea.