Salamu Aliyoisamehe Mzee Filipo

Mzee Filipo wa Ihanja hakuwahi kumpeleka mjukuu wake darasani. Hiyo ilikuwa kazi ya mkewe, Evodia. Evodia alipozikwa, mjukuu huyo, Rebeka, alikaa nyumbani akijigonga kichwa ukutani. Mzee akaona, akasema haya, twende.

Rebeka ana miaka sita, ana usonji. Hasemi. Mwalimu wake, Felista, alikuwa anahama, na kabla ya kuondoka alikuwa akimfunza mwalimu mpya, kijana Hosea. Hosea akishindwa, basi, mtoto anarudi kwenye ule ukuta. Mzee alilijua hilo.

Mchana alipokwenda kumchukua, Hosea akasimama haraka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Rebeka, mwamkie babu." Kimya. Hosea akamshika kidevu, akamgeuza uso. "Sema shikamoo!"

Mtoto akapiga yowe, akamng'ata mkono.

"Tunakwenda nyumbani," mzee akasema.

"Ngoja, babu." Felista akamgeukia Hosea. "Ulikuwa unamfundisha mtoto, au unamfurahisha mzee?"

"Sasa dada, mzee kasimama pale, mtoto amtazame tu? Watasema huyu mwalimu gani!"

Mzee akafikiri. Salamu ilikuwa yake. Hakuna mwingine wa kuisamehe.

"Nimeisamehe," akasema. "Mwalimu, fundisha."

Akakaa sakafuni, akawapa mgongo, asije akawa mtu wa kuamkiwa tena.

Mtoto alipotulia, Hosea akaweka picha ya kikombe mkekani.

"Usimsemeshe," Felista akanong'ona. "Usimguse. Subiri."

Wakasubiri. Mzee alimsikia kijana anavyohema. Kisha karatasi ikakwaruza mkeka, na mara akamsikia mtoto anakunywa maji kwa pupa.

"Kampa Hosea picha, babu," Felista akasema. "Kaomba maji mwenyewe."

Mzee akageuka.

"Kesho tuje saa ngapi?"

"Kesho Jumamosi, babu. Hatufungui."

"Kwangu Jumamosi anaona kiu vilevile. Nipeni hiyo picha. Na mimi nifundisheni."

Felista akamtazama Hosea. Hosea akampa mzee picha, akavuta mkeka, akakaa mbele yake.

"Haya babu, mimi ndiye Rebeka. Nina kiu."

"Rebeka hasemi," mzee akamwambia. Akaweka picha chini, akaanza kusubiri.