Kadi ya Shamba

Juzi mtoto wa jirani yangu alifunga makopo ya nyanya kwenye kamba, akawa anayakokota uani. Kang'ang'a, kang'ang'a. Nilikuwa nakoroga uji, na mwiko ukasimama wenyewe sufuriani. Pua ikanijaa harufu ya mpunga ulioanza kutia maziwa, ile harufu ya kijani inayokaribia utamu, imechanganyika na tope la majaruba likichomwa na jua. Mtu aliyekulia Ifakara hahitaji zaidi ya hapo. Nilizima jiko nikakaa kwenye kigoda, natabasamu peke yangu kama mtu aliyerogwa, kwa sababu kumbukumbu iliyonijia ni ile ninayojivunia kuliko vyeti vyangu vyote. Vyeti vinasema nilifaulu mitihani. Hii nitakayowasimulia inasema nilikuwa na akili.

Nilikuwa kidato cha pili. Nyumbani kwetu ni mjini, lakini shamba la mpunga lilikuwa mbele ya Katindiuka, mwendo wa baiskeli, na mpunga ukishatoa masuke watoto wote tulihamia huko kila siku isiyo ya shule. Kazi yetu ilikuwa kuamia ndege. Baba alikuwa kwenye miwa huko Kidatu, akija mwisho wa mwezi, hivyo jeshi zima lilikuwa mama, mimi, na Gaudensia, binti wa mama mdogo aliyekuwa akiishi kwetu. Gau alinizidi mwaka mmoja, na hakuniacha nikasahau. Tulikaa juu ya dungu, kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi, na kutoka pale kamba zilitandazwa shamba zima zikiwa na makopo. Kweleakwelea wakishuka, unavuta kamba na kupiga kelele mpaka koo linakauka. Jumapili tulikwenda misa ya kwanza ili tuwahi shambani, maana, kama alivyosema mama, ndege hawana dini.

Saa za jua kali ndege nao walipumzika kwenye matete, na hapo ndipo furaha yangu ilipoanza. Kaka yangu Benno, mkubwa wetu, alikuwa Uturuki anasoma uhandisi kwa ufadhili. Alikuwa ameninunulia mashine ndogo ya gemu ya kushika mkononi, iliyokwishatumika, akampa mwanafunzi mwenzake aliyekuwa anarudi Tanzania aniletee. Naye alikuwa na yake kama hiyo. Kila Jumapili mchana niliwasha hotspoti ya simu ya mama, simu iliyokufa kamera zamani, kwa kuwa juu ya dungu ndipo mtandao ulipokamata vizuri kuliko hata nyumbani, na mimi na Benno tulikutana ndani ya gemu ya kijiji, tukakaa kando ya bwawa tunavua samaki. Kabla ya kutupa ndoana nilimwandikia, "Shikamoo kaka," naye akajibu, "Marahaba mdogo wangu." Sidhani kama waliotengeneza ile gemu waliwahi kufikiria hayo.

Niwaambieni jambo kuhusu Benno. Kwenye simu alikuwa mtu wa "nzuri tu." Mama atauliza chakula, nzuri tu. Baridi, nzuri tu. Masomo, nzuri tu. Lakini akishika ile mashine, macho yake yakiwa kwenye samaki, maneno yalimtoka. Alinisimulia chumba chake, mpishi wa bwenini anayeweka mtindi juu ya kila kitu, na jinsi alivyoukosa wali wa kwetu unaonukia mpaka kwa jirani. Mimi nilimsomea mama kwa sauti naye anapepeta mchele chini ya dungu, na kila Jumapili jioni, tukirudi, alikuwa anaimba njiani. Basi mashine ile haikuwa mchezo tu pale kwetu. Ndiyo iliyokuwa inatuletea Benno mwenyewe.

Sasa mimi nami nilikuwa na uchu wangu. Benno alipoondoka aliacha kompyuta mpakato kuukuu, na humo nilianza kujifunza kutengeneza gemu. Nilitaka gemu ya kuamia ndege: kweleakwelea wanashuka, unavuta kamba, makopo yanalia. Lakini mashine aliyonipa Benno ilikubali gemu za kampuni iliyoitengeneza peke yake. Ili ipokee ya kwangu ilibidi kuiwekea mfumo mwingine, kuiflashi, kama wanavyosema mafundi simu wetu pale sokoni. Nilipomweleza Benno aliandika, "Fanya, lakini uwe makini. Jamaa yangu mmoja hapa kafungiwa. Mashine ikiingia mtandaoni ina vitu vya ajabu, inajisema yenyewe kwa kampuni, na wakishaifungia ndiyo basi, haitaunganishwa tena."

Ndiyo basi. Maneno hayo yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki wa kitoga. Nilimwendea fundi simu mmoja, akaniambia kwa kujiamini kabisa, "Dogo, flashi tu, hao wazungu wana kazi nyingi." Nilimshukuru nikaondoka na mashine yangu. Kuuliza si ujinga, lakini si kila jibu linafaa kubebwa nyumbani.

Nikaanza kusoma mwenyewe, kwenye kurasa za Kiingereza zilizoandikwa na watu wasiojua kwamba kuna mtoto wa Ifakara anazisoma na kamusi mapajani. Nilisoma likizo nzima ya Pasaka. Kilichonifungua macho si kamusi, ni mama. Kwetu kulikuwa na sheria: nguo za shamba haziingii ndani. Ukirudi unaoga na kubadilisha nguo kwenye banda la nyuma, maana nguo hizo zina tope, zina kupe, na zikigusa upupu mtajikuna nyumba nzima mpaka wageni. Siku moja nikiwa nakuna kichwa, kamusi mkononi, mama alinikemea kwa kukanyaga sebuleni na gauni la shamba, na nikabaki nimesimama mlangoni nimeduwaa. Kumbe wale watu wa kwenye kurasa walikuwa wanasema jambo lile lile! Usichanganye. Mfumo wako wa ajabu uuweke wote kwenye kadi ya kumbukumbu, ujitegemee, na mfumo halisi uliomo ndani ya mashine usiuguse hata kwa kidole.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Kwanza nilitoa nakala ya kila kilichomo kwenye mashine, nikaihifadhi kwenye kompyuta, kama mbegu inavyotengwa kabla mpunga haujakobolewa. Kisha nikaujenga mfumo mpya kwenye kadi. Kadi nikaipaka alama ya rangi nyekundu ya kucha, nikaiita kadi ya shamba. Ukiwasha mashine ikiwa na kadi, uko shambani, unafanya utundu wako. Ukiitoa kadi ukaiwasha upya, uko nyumbani, msafi, unaweza kwenda mtandaoni kumsalimia kaka. Upande wa shamba nilifuta mitandao yote iliyokuwa inakumbukwa, nikaficha namba ya utambulisho wa mashine, nikaapa kadi ile haitaona intaneti maishani mwake. Na gemu ya kuibwa sikuweka hata moja. Siku ya kuiwasha mara ya kwanza, ilipowaka nilipiga kelele mpaka Gau akadhani nimeumwa na nyoka.

Gemu yangu nayo ikakamilika. Nilimrekodi mama akifukuza ndege, "Hoyaaa! Hoyaaa! Tokeni kwa watu!" na sauti yake ndiyo ilikuwa inasikika ukishinda. Gau aliicheza mpaka akavimba kidole. Aliniambia, na sijui kama anakumbuka, kwamba hakuna mtu darasani kwake angeweza kufanya hivyo. Nilitembea siku mbili kichwa juu kama jogoo.

Sasa Jumapili ile. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama. Nilikuwa nimeshuka kufunga kamba iliyokatika, na niliporudi juu nilimkuta Gau ameshika mashine, kadi yenye rangi nyekundu imo ndani, na simu ya mama inaning'inia kwenye mti wa dungu ikiwa imewashwa hotspoti.

"Gau, unafanya nini?"

"Namwonesha kaka gemu yako. Nataka tumrekodie na kumtumia humu humu." Akanigeuzia kioo. "Mbona inadai nywila? Mbona siku zote inaingia yenyewe?"

Nikahisi joto la fahari likinipanda mpaka masikioni. Kama nisingefuta ile mitandao, mashine ingekwishaingia yenyewe na kujisema. Kinga yangu ilikuwa imefanya kazi mimi nikiwa tope mpaka magotini.

"Sikupi nywila," nikasema.

"Acha ushamba, Resti. Dakika mbili! Nani atatuona, tuko katikati ya majaruba?"

"Itajisema yenyewe."

"Yaani umetengeneza kitu kizuri hivi halafu unakifukia? Kaka atakipenda. Au hutaki ajue?"

Hapo alinipata. Nilitaka ajue! Nilitaka kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimeshapanga maneno atakayoniandikia. Nywila ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na nawaambia kweli, kama ningekuwa peke yangu na tamaa yangu, sijui.

Mama alikuwa amesikia ugomvi, akapanda ngazi akitweta, ungo mkononi. Hakujua mfumo ni nini, ila jina la kadi ya shamba alikuwa amelisikia. Akauliza swali moja tu.

"Hiyo ya shamba ikiingia ndani, Benno tunampataje?"

"Hatumpati, mama."

"Hata Jumapili ijayo?"

"Hata siku moja."

Akamtazama Gau, akanitazama mimi. "Basi wewe uliyeitengeneza ndiye unayejua. Sema."

Mama yangu hakuwa mtu wa kuwaachia watoto neno la mwisho. Nilinyoosha mkono, nikasema, "Lete." Gau alinipa mashine kwa hasira, akashuka, na hakunisemesha mpaka tulipomaliza kula jioni. Nilitoa kadi, nikawasha upya, nikaingia upande wa nyumbani. Benno alikuwa ameshafika bwawani, amesimama bila ndoana.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Basi. Siku ile hata samaki hawakumtoa maneno. Nilivua mimi peke yangu, nikamsimulia makopo, nikamsimulia mama. Mwisho sikuweza kuvumilia, nikaandika, "Kaka, nimemaliza gemu yangu. Mama yumo, anafukuza ndege. Lakini siwezi kukuonesha huku, watatufungia. Mpaka uje."

Nilivua samaki wawili zaidi, nikaanza kudhani bando limekwisha.

"Siwezi kuiona kabisa?"

"Kabisa. Mpaka uje, upande dunguni."

"Haya," akaandika. "Basi nitakuja."

Nilidhani anasema kama watu wazima wanavyosema, ili mtoto asinune. Nikamsomea mama, mama akacheka, tukarudi kazini, kwa kuwa ndege walikuwa wameshaanza kutoka kwenye matete.

Alikuja baada ya miaka, na shahada yake. Wali ulipikwa, kuku wakachinjwa, majirani wakala mpaka wakalegea. Kesho yake, kabla hata ya kwenda kuwasalimia wajomba, aliniambia, "Twende shamba. Na uichukue ile kadi." Tulipanda dunguni, akaiwasha, akacheza. Alikuwa mbovu ajabu; kweleakwelea walimmalizia heka nzima. Aliposhinda mara ya kwanza na sauti ya mama ikatoka, "Hoyaaa! Tokeni kwa watu!" aliiweka mashine mapajani, akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Resti," akasema, "unakumbuka Jumapili uliyonikatalia?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nimefeli mwaka. Nilikuwa nimeacha kuingia darasani. Kuna watu walikuwa wanakwenda mji mwingine kufanya kazi gizagiza, bila vibali, na nilikuwa nimeshakubaliana nao. Nilikuwa nazima namba, nazima kila kitu. Nisingeweza kumtazama mama usoni." Akatazama majaruba. "Siku ile niliingia kukuaga. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika. Halafu wewe ukaniambia kuna kitu siwezi kukiona mpaka nirudi."

Baada ya siku ile alirudia mwaka, akaomba msamaha kwa walimu, akabeba matofali wakati wa likizo. Hayo yote alikuwa ameyaita "nzuri tu."

Kwa miaka yote ile nilikuwa najisifu kwamba niliichezea mashine na haikufungiwa, na hadi leo haijafungiwa, najisifu bado. Lakini mtoto yule pale juu, mwenye tope magotini, alijua jambo moja tu: kwamba mlango wa kumpata kaka yake ni mmoja, na kwamba hata sifa zake mwenyewe hazina thamani ya kuufunga. Hakujua kwamba upande wa pili wa mlango kaka alikuwa ameshashika kitasa, anaondoka. Nilimuuliza Benno, "Na kama ningekuonesha?"

"Ningekusifia," akasema. "Kisha ningekuaga."