Zamu ya Nyumba Isiyo na Mlango

Mlango wangu uling'olewa Ijumaa asubuhi, mwezi wa saba, wakati baridi ya Nyeri haina mzaha na mtu. Fundi alikuja na bisibisi na kikopo cha kutilia skrubu. Nilimfahamu, ndiye aliyenitengenezea kabati la vyombo. Alinisalimia vizuri, akafungua bawaba ya chini, kisha ya juu, akiwa amenipa mgongo muda wote.

"Mama, usinikasirikie," alisema. "Mimi nimetumwa tu. Na unishikie hapa kidogo, hii mlango ni nzito."

Nikamshikia. Hadi leo najiuliza kwa nini. Nadhani ni mazoea: mtu akikuomba umshikie kitu, unashika. Tuliubeba pamoja hadi stoo ya mwenye nyumba, tukauegemeza kwenye magunia ya viazi.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye ploti ya nyumba nane kando ya barabara ya Mweiga. Wapangaji wote tulimwita Shosho, yaani nyanya. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo sasa. Ijumaa ile nilikuwa na maneno mengine. Nilikuwa sijalipa kodi ya miezi mitatu, na huku kwetu mwenye nyumba akichoka kungoja haendi mahakamani. Anang'oa mlango, halafu anaiachia baridi imalizie kazi.

Kabla ya hapo nilikuwa nikipiga pasi mashuka katika hoteli ya watalii, miaka kumi na moja. Mwezi wa nne hoteli ikafungwa kwa ukarabati, tukaambiwa tutaitwa. Ukitaka kujua kama utaitwa, angalia kama wameuza pasi. Waliuza. Sikumwambia mtu. Binti yangu alikuwa kidato cha nne katika shule ya kutwa iliyo karibu, mtihani wake ulikuwa mwezi wa kumi na moja, nami nilijiapiza kwamba hatahama nyumba ile kabla ya karatasi ya mwisho. Hilo tu ndilo nililolitaka duniani. Kwanza nikamwambia niko likizo, kisha nikamwambia mishahara imechelewa. Asubuhi nilitoka kwenda kutafuta vibarua vya kufua, nikimwambia ni vya kutusogeza hadi mishahara itoke, na nikimwona Shosho uani nilizunguka nyuma, kwenye shamba la napia, yale majani marefu ya ng'ombe, nikiinama kama mwizi wa kuku.

Watu hudhani mlango ukitoka unabaki na uhuru wa kutosha. Nyumba isiyo na mlango inakufunga kuliko ile yenye kufuli. Tulitundika blanketi kwa misumari, lakini blanketi halizuii mkono wa mtu, kwa hiyo mmoja wetu ilibidi abaki ndani kila saa. Kibarua cha Jumamosi nikakikosa hivyo. Usiku binti yangu alisoma akiwa amevaa sweta mbili. Majirani waliniambia niende kwa chifu, kwamba sheria hairuhusu mambo hayo. Walisema kweli. Lakini mimi nilikuwa na mpango wangu.

Jumapili ile ilikuwa zamu yangu ya jumuiya. Sisi Wakatoliki wa mtaa ule tulikutana kila Jumapili alasiri nyumbani kwa mmoja wetu, kusoma Injili na kuombeana, na orodha ya zamu ilikuwa imepangwa tangu Januari. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa Shosho mwenyewe. Jumamosi jioni katibu alikuja, akalitazama blanketi, akayahamishia macho miguuni pake.

"Wacha tufanyie kwangu, mama," akasema. "Hii wiki uko na mambo mingi."

"Sina jambo hata moja," nikamjibu. "Karibuni nyote."

Kuna hasira inayovunja vyombo na kuna inayofagia nyumba. Yangu ilifagia. Nilipangusa vumbi, nikaazima viti, nikachemsha chai ya sufuria kubwa. Saa tisa kasoro robo nikaliteremsha blanketi na kung'oa misumari yake yote. Nilitaka kila mtu aone.

Walikuja wakiwa wamejitanda shuka na maleso, na ukungu ukaingia nao. Waliketi wakasugua mikono na kusifu chai ambayo hawajainywa. Shosho akaja mwisho. Aliinua mkono abishe, kama adabu inavyotaka, na mkono ukabaki hewani. Hatimaye akagonga fremu mara mbili.

"Hodi."

Nilimwacha asimame kidogo kabla ya kusema karibu. Nilifurahi, na sioni haya kusema nilifurahi.

Somo la siku hiyo nilikuwa nimelitafuta tangu Ijumaa, nikitumaini litakuwa tajiri na Lazaro. Likawa la mpanzi. Watu wakashirikishana kuhusu mbegu, na kwa kuwa sisi ni wakulima hata tukiishi mjini, mazungumzo yakaishia kwenye mbegu za viazi na nani anauza zilizooza.

Kisha yakaja maombi. Aliyekulia katika jumuiya anajua kwamba vita vyake hupiganwa hapo. Mwenzako huwezi kumsema usoni, ila unaweza kumpeleka kwa Mungu mbele ya watu wote, naye hana budi kuitikia. Nikasimama.

"Tuwaombee wale wenye nyumba nyingi," nikasema, "wanaong'oa milango ya maskini wakati wa baridi. Mungu ailainishe mioyo yao. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia. Sauti ya Shosho ilizidi za wengine.

Naye akasimama, mkono mmoja gotini.

"Tuombee wale wanakaa kwa nyumba za watu," akasema, "na wakikuona wanapitia kwa napia. Miezi tatu. Hawakuambii ni ugonjwa, hawakuambii ati ni kazi imeisha. Mungu awape mdomo. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie."

Mzee mmoja akakohoa, na hakuwa na kikohozi. Ningeweza kukaa kimya. Chai ilikuwa inangoja, na kila mtu angeshukuru. Lakini binti yangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, naye alikuwa ameacha kumtazama Shosho, akawa ananitazama mimi. Neno lile la kazi lilikuwa limemfikia. Nikasimama tena, na safari hii sikuwa nimepanga la kusema.

"Tuwaombee waliopoteza kazi mwezi wa nne," nikasema, "wakawaambia watoto wao kwamba mshahara umechelewa. Walisema hivyo kwa sababu waliogopa. Ee..."

Sauti ikakatika hapo. Nililia mbele ya watu kumi na sita, mimi ambaye sikulia hata siku ya Ijumaa. Shosho ndiye aliyesema "Ee Bwana" kwa niaba yangu, na wengine wakaitikia.

Chai ilinyweka haraka. Walipoondoka wote, Shosho alibaki kwenye kiti akiwa ameshika kikombe kitupu.

"Ungeniambia," akasema. "Hiyo mwezi wa nne ungekuja kwangu, ningekungojea mpaka huyu mtoto amalize. Mimi nilifikiri unanidharau."

"Na sasa, Shosho?"

"Sasa nimeshika dipositi ya mtu. Ni mwalimu ametoka Sagana, anaingia tarehe moja. Siwezi kumrudisha."

Niliitafuta hasira yangu nikaikosa. Nilikuwa nimenyamaza ili niilinde nyumba, na kunyamaza ndiko kulikoitoa mikononi mwangu. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Mlango fundi atarudisha kesho," akaendelea. "Wewe utaenda wapi?"

"Kwa mamangu, Wamagana."

"Huko ni mbali na shule. Huyu mtoto asisumbuke juu yetu. Kwangu kuna chumba, na kuna stima ya kusomea usiku. Wewe kaa mpaka mwisho wa mwezi, halafu yeye abaki na mimi mpaka mtihani iishe."

Nilifungua mdomo nikatae. Sababu nilikuwa nazo tele, ya kwanza ikiwa kwamba mtoto ni wangu. Binti yangu akanitangulia.

"Nitakaa kwa Shosho," akasema. "Nitaenda leo."

Hakuniuliza. Shosho aliinuka, akasema anakwenda kutandika kitanda, akatuacha. Binti yangu akaanza kukusanya vitabu, akivipanga kwa ukubwa kama alivyozoea. Nikamwambia hakuna haraka, kwamba bado tuna wiki mbili za kukaa pamoja.

"Niko na mtihani wa majaribio Jumatano, Mum," akasema. Kisha, akiwa amenipa kisogo, akaongeza kwa sauti ya chini, "Hata mimi ungeniambia. Ningekuja tufue pamoja."

Nilimkunjia sare ya kesho yake nikamwekea juu ya vitabu, naye akavibeba vyote akatoka.