Malkia wa Ufaransa na Kiti cha Mbele

Enzi zetu pale Oli, mtaa wetu mjini Arua, hadithi moja ilitutosha wiki nzima. Tuliibeba kisimani, tukairudia tukiruka kamba, tukalala nayo.

Hivyo ndivyo alivyotufikia mfalme wa Ufaransa. Nilikuwa darasa la tano, mwoga wa kusema. Mwalimu wetu Mkongo alitueleza kwamba mfalme huyo alijiita jua, kwamba nyumba yake ilikuwa na ukumbi mzima wa vioo, na kwamba malkia na wanawake wengine wa mfalme walipandishwa gari moja la farasi. Tulishika midomo! Kwetu wake wengi tuliwajua, lakini kila mmoja alikuwa na jiko lake na zamu yake. Tukabishana njiani kurudi nyumbani:

"Zamu ya malkia ikifika, nani iko pika?"

"Mjinga wewe! Mfalme iko na wapishi!"

"Sasa hao wanawake kazi yao nini?"

Jioni nilimsimulia Mama akitandaza kisra, mkate wa mtama, juu ya chuma cha moto, nyembamba kama karatasi. Aliiacha ikaungua, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Na huyo malkia alisema nini?"

Sikujua. Nilijua tu kwamba Ijumaa Baba, dereva wa jeshi, angekuja na mke wa pili, twende sote Koboko kumwonyesha kwa bibi yangu. Na sanduku la Mama lilikuwa limefungwa tayari. Akirudi kwao, mimi ningebaki na nani?

Kesho yake nilimfuata mwalimu nikamwuliza.

"Alinyamaza tu, mutoto yangu. Alipokufa, mfalme akasema hiyo ndiyo huzuni ya kwanza malkia kumpa."

Nilimpelekea Mama jibu hilo. Akanipa mtungi, akanituma kisimani.

Ijumaa Landrova ikasimama mlangoni. Mke mpya alikuwa mbele, ananukia udi. Mama akatoka amevaa gurbaba yake, kile kitambaa chekundu cha sikukuu. Nilitazama mikono yake: sanduku hakulibeba. Akafungua mlango wa gari.

"Dada, shuka. Nyuma iko nafasi, utakaa na mtoto wangu." Kisha akamgeukia Baba. "Baba Zaitun, mimi si yule wa Ufaransa. Nikiwa na huzuni, utaiona nikiwa hai."

Baba, ambaye sokoni watu walimpisha kwa ajili ya magwanda yake, alishuka akamshika Mama mkono kumpandisha mbele, mke mpya akihamia nyuma. Njia nzima hadi Koboko nilitazama shingo ya Mama.

Siku hizi wasichana wetu wakiudhiwa na waume zao huandika kwenye simu, na Arua nzima inajua kabla ya mume mwenyewe. Mama alisema mara moja, mbele ya uso wa mtu. Baba aliendesha magari mengi baadaye, na hadi tulipomzika Mama, hakuna aliyepanda mbele bila kumtazama yeye kwanza.