Mlinzi wa Langoni kwa Bibi

Juzi hapa Somanda bodaboda wangu alisimama ghafla. "Pancha, dada," akasema, akainama, akang'oa kitu kwenye tairi na kunionyesha kiganjani. "Mbigili hii. Huku kwenu hamlimi?" Nikacheka, kwa sababu nilitaka kulia. Kilikuwa kidude kidogo, kikavu, miiba pande zote. Ukikiweka vyovyote, mwiba mmoja utakuwa unaangalia juu, unakusubiri.

Kwetu Zagayu, nilikolelewa na bibi, jina la mbigili halikutumika. Bibi aliiita mlinzi. Mvua zikianza, wakati wa palizi ya pamba, ilitambaa pale langoni ikafunika ardhi kama mkeka, yenye vijani vidogo vidogo na maua ya manjano ambayo, niseme kweli, yalipendeza. Uwanja wa ndani bibi aliufagia kila asubuhi mpaka ukang'aa. Ila pale langoni hapakuguswa. "Hapo hapalimwi," alisema, na hata baba mkubwa, pamoja na ndevu zake zote, alinyamaza. Majirani walidhani ni kinga ya wachawi. Wengine walisema ni uvivu, lakini hao hawakuwahi kumwona bibi akilima.

Sisi watoto hatukuwa na viatu, kwa hiyo masika yote tulikuwa wafungwa. Tulisimama mwisho wa uwanja tukiwasikia wenzetu wakicheza ng'ambo ya ua wa minyaa, na njia ya kutoka ilikuwa moja tu: mgongo wa shangazi. Shangazi, kitinda mimba wa bibi, ndiye pekee aliyekuwa na katambuga, zile ndala za tairi. Alituvusha mmoja mmoja kwenda shule, na jioni akaturudisha. Mgongo wake ulinukia moshi na michembe, vile viazi vikavu alivyokuwa akituchemshia. Mpaka leo nikisikia harufu ile, miguu yangu inataka kujikunja.

Halafu wakaja wageni wa posa kutoka Shishiyu, wamevaa makoti, kila mmoja na baiskeli yake. Shangazi alimtaka yule kijana. Nilijua kwa sababu alianza kuimba akisonga ugali, na hakuwa mtu wa kuimba. Wageni walipovuka lango, baiskeli zote zikaisha upepo. Wakakaa kivulini kubandika viraka mpaka jua likapinda, na kwa aibu ile habari za ng'ombe hazikuzungumzwa vizuri. Bibi aliwapelekea maji, akapiga magoti, akawapa pole nyingi, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Mara ya pili mlinzi aliwapokea vilevile. Wakatuma ujumbe kwa baba mkubwa: watakuja mara moja tena, siku ya mnada, wakikwama, basi, watatafuta kwingine.

Asubuhi ya siku hiyo shangazi alichukua jembe akaenda langoni. Msichana anayeposwa, anawalimia wakwe zake njia, mchana kweupe, majirani wanaona! Bibi akatoka nje.

"Mwangaluka, mayu," shangazi akamwamkia mama yake kwa Kisukuma, bila kuacha kulima.

Bibi hakuitikia. Nadhani ndiyo mara pekee nilipomwona akiacha salamu ya asubuhi ianguke chini. "Ng'wanone, mwanangu," alisema mwishowe, "nani atabaki na mimi?"

Mimi nami nikaishika kanga ya shangazi, nikalia kwa sauti. "Nani atatuvusha?"

Alituangalia wote wawili, jasho likimtiririka. "Humu ndani nimewavusha wote," akasema. "Mimi atanivusha nani?" Akainama, akaendelea kulima.

Wageni wakapita bila pancha, na ng'ombe wakaja. Shangazi akaondoka amekaa kwenye keria ya baiskeli, amevaa viatu vipya, na katambuga akaniachia mimi. Zilinizidi mguu, nikazifunga kwa kamba ya katani, nikatamba nazo uwanja mzima kama bibi harusi. Hakuna aliyeniambia kwamba zinakuja na kazi yake.

Mvua zilizofuata mlinzi alirudi, mnene kuliko mwanzo, maana jembe lilikuwa limetawanya mbegu. Nikawavusha wadogo zangu mmoja mmoja, mpaka wakakua, wakanunua viatu, wakaenda zao Mwanza. Nikabaki na bibi. Na mimi nilikuja kuposwa, mara moja. Nilikuwa jikoni nasonga ugali nikasikia tairi zikitoa upepo langoni, na sauti ya bibi ikitoa pole. Niliwasubiri warudi. Hawakurudi. Nilimpenda bibi, nimemuuguza mpaka mwisho huku Somanda karibu na hospitali, na kuna siku nilimchukia kiasi cha kuogopa.

Baada ya ile pancha nilikwenda Zagayu kuiona nyumba. Minyaa imekatwa, uwanja haufagiliwi, na mbigili imeingia mpaka mlangoni. Watoto wa jirani wanaikanyaga wakiwa na ndala zao za plastiki, wala hawaangalii chini. Nikawauliza wanaiitaje. Mbigili, wakasema, wakashangaa mtu mzima anauliza nini. Jina la mlinzi sasa nimebaki nalo peke yangu.

Ndani, nyuma ya mlango, jembe la shangazi bado limeegemea ukuta, mahali pale pale lilipokaa miaka yote. Kila asubuhi nililipita nikienda kuchukua ufagio.