Leopoldville imekuwa inchi ya kigeni

Wenzangu, leo nimegeuka mwanafunzi wa kigeni, na sijatoka hata hapa kwetu Katanga.

Nilienda stesheni kukata tikiti ya kurudi chuoni Leopoldville. Dirishani alikuwa Papa Kabwe, jirani yetu.

"Pasipoti?"

Nikacheka. Peke yangu.

"Mutoto wangu, Katanga tumejitenga. Kule njo inchi ingine sasa."

"Papa, nimebakiza mwaka mumoja niwe munganga wa hospitali!"

"Najua."

Akafunga dirisha, akatoka, akaketi kando yangu. Mwanawe Yusufu nasoma naye kule chuoni. Likizo hii alibaki kulekule.

"Ulipomuacha, alikuwa anakula vizuri?"

Nikasema amenenepa.

Si kweli. Amekonda sana.

Papa Kabwe akashukuru, akarudi kazini.

Nimechoka, jamani. Ninyi mungemuambia nini?