Kidole chenye ganzi na wimbo wa Jumamosi

Saa nne asubuhi, cherehani imenyamaza. Mwenye nayo amejibanza nyuma ya pazia la kujaribia nguo, filimbi ya bati mdomoni. Anapuliza sauti tatu, zinatoka safi. Ya nne inaruka juu na kulia kama birika lililochemka.

Anaishusha haraka, anachungulia nje ya pazia.

"Kuna mtu amesikia?" anamuuliza mwandishi wa makala haya.

Huyu ni fundi wa sare za shule na magauni ya harusi, ingawa mtaa mzima unamwita Dada Filimbi. Marehemu baba yake, fundi bomba, ndiye aliyemfundisha kupuliza. Kwa miaka mingi amewaingiza maharusi ukumbini kwa filimbi, na malipo ya harusi moja hukaribia ya kushona wiki nzima.

Sasa anaogopa, na hafichi.

Mwanzoni mwa mwaka, akiharakisha kutia zipu, sindano ya cherehani ilimtoboa ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kulia. Kidonda kikapona, ganzi ikabaki.

"Kushona naweza, macho yananisaidia," anasema. "Lakini filimbi iko mdomoni, matundu utayaonaje?"

Filimbi yake ina matundu sita. Sauti nyingi unazipata kwa kuziba na kuachia tu. Ipo moja korofi, haitoki mpaka tundu la tano lizibwe nusu, na tundu hilo ni la kidole kile kile. Mpulizaji hakinyanyui. Hukiviringisha pembeni taratibu, mpaka ahisi ukingo wa bati umepita katikati ya ngozi. Yeye hahisi kitu.

"Basi woga ukinishika nafanya kosa la kijinga, nasukuma pumzi. Nadhani nikipuliza kwa nguvu nitafunika aibu. Kumbe ndiyo naipandisha darini!"

Nyimbo zisizo na sauti hiyo anazo tele. Lakini Jumamosi anaolewa mdogo wake, kitinda mimba, naye anataka kuingia kwa wimbo ambao baba yao aliutunga siku alipozaliwa. Sauti ya nusu tundu imo humo, tena ndiyo ndefu kuliko zote. Hakuna mwingine duniani anayejua kuupuliza wimbo huo.

Mpiga zumari mmoja mstaafu amemshauri anyooshe vidole, azibe kwa pingili ya kati badala ya ncha. Hapo kwenye pingili anahisi vizuri. Shida ni kwamba mkono wote unabadili mkao, na vidole jirani vinavujisha pumzi.

"Leo alfajiri ilitoka, nikaruka kwa furaha. Nikarudia, ikanikana. Nitamwaibisha mtoto wa watu siku yake."

Juzi alijikaza kisabuni, akamweleza mdogo wake ukweli, akitumaini atachagua wimbo mwingine. Wapi!

Bibi harusi mwenyewe anaingia kujaribu gauni. Anasimama mbele ya kioo, dada yake akipiga magoti kupima pindo.

"Nimeshamwambia," anamweleza mwandishi, kisha anainama kumtazama dada yake. "Dada, ikikataa, mimi nasimama pale pale mlangoni. Sipigi hatua mpaka itoke."

"Umemsikia?" Dada Filimbi anamgeukia mwandishi, pini mkononi. "Eti ananitia moyo! Ukumbi mzima utakaa kunitazama kidole."

"Dada, unanichoma."

"Samahani, mama. Sikuwa naangalia."

Anaichomoa pini, anaichomeka tena polepole, safari hii akiongozwa na macho. Harusi ikipita salama, anasema, atamfundisha mdogo wake wimbo huo, noti kwa noti, usibaki kutegemea kidole kimoja kibovu. Mdogo wake anaitikia kwa kichwa na kumshika bega.

Mwandishi anaaga. Fundi anamsindikiza hadi mlangoni.

"Njoo Jumamosi," anamwambia. "Ila nakuomba, usikae mbele."